Ubavuni mwa Friji

Watu wa Granby, mji wetu mdogo wa kaskazini, wanaamini kwamba besiboli ni mchezo wa kiangazi. Waache waamini. Marlys Tvedt, aliyekipanga kikosi cha klabu yao kwa zaidi ya miaka ishirini, atakwambia bila kupepesa macho kwamba kiangazi ni wakati wa kuuza soseji na kuua mbu. Ubingwa unapatikana au unapotea Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, jikoni kwake, mbele ya friji.

Friji yenyewe ni kuukuu, ya rangi ya krimu, inanguruma kama trekta inayopanda kilima. Mumewe Orrin aliinunua mwaka waliooana, na Orrin sasa ni marehemu lakini friji ipo. Mlangoni kila mchezaji ana sumaku yake. Ni zile sumaku za bure wanazogawa wauza mbegu na mafundi bomba, ambazo Marlys amezibandika utepe mweupe na kuandika majina juu yake. Juu kabisa wanakaa makocha. Chini yao wanakaa wakongwe, ambao ligi yetu ndogo hairuhusu wazidi watano kwa kila klabu, maana bila hivyo tungechezesha vikongwe watupu. Halafu wa kati, halafu vijana wabichi. Na ubavuni mwa friji, upande unaotazama jiko, wanakaa wale ambao Marlys yuko tayari kuachana nao.

Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa mpishi wa shule, jioni akiuza tiketi uwanjani, mpaka majira fulani ya baridi bosi wa klabu alipolazwa na simu ya ofisini ikawa inalia bila mtu wa kuipokea. Marlys aliipokea. Tangu siku hiyo hajaiweka chini. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kukandia unga, na neno "labda" halimtoki mdomoni hata umpe vidonge. Makocha wamekuja na kuondoka, wenye klabu wamebadilika mara tatu, wote wameishia kumuuliza yeye: mama, tufanyeje? Naye hujibu papo hapo, na mara nyingi, nasema kwa uchungu kidogo kwa sababu nimewahi kubishana naye, huwa amepatia.

Mwaka ninaousimulia alikosea. Alikosea kwa sababu ya ujuzi wake mwenyewe, na aliyeumia alikuwa Anselmo Pichardo.

Anselmo alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinyago na kudaka kila mpira unaorushwa, mechi nzima, msimu mzima, mpaka magoti yanaanza kupiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Alitoka Baní, kule Jamhuri ya Dominika, na alikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao mdakaji anatakiwa awe amekwisha kustaafu na kuwa na kitambi. Huku kwetu wachezaji hawapangishiwi hoteli. Kiangazi wanalala majumbani mwa watu. Anselmo alipangiwa chumba cha chini kwa Marlys, akakaa kiangazi kimoja, kikawa viwili, vikawa sita. Majira mawili ya baridi ya mwisho hakurudi kwao kabisa. Alipata kibarua katika kiwanda cha bata mzinga, akanunua koti nene, akajifunza kukwangua barafu kwenye kioo cha gari huku akitukana kwa Kihispania. Walikula pamoja kila jioni. Anselmo alipika maharagwe, Marlys akapika bakuli lake la nyama na viazi la kutia ovenini, na kila mmoja alikisema vibaya chakula cha mwenziwe na kukimaliza.

"Kahawa yako, Bi Marlys, ni maji uliyooshea kikombe."

"Na yako ni lami. Ukimwaga barabarani, manispaa watakushukuru."

Basi, ilitokea hivi. Agosti, mechi zikiwa ukingoni, Marlys alikosa mrushaji wa mkono wa kushoto, yule anayemtupia mpigaji mpira. Alimpigia Duane Brekke, mwenziwe wa klabu ya Wessing, mji wa pili, ambaye walisoma darasa moja na ambaye hajawahi kumsamehe Marlys kwa kumshinda hesabu. Duane alimpa mrushaji. Kama malipo alitaka kile ambacho watu wa besiboli hupeana pale wanapokuwa na haraka: mchezaji atakayetajwa baadaye. Yaani unachukua mtu leo, na majira ya baridi, watu wakiwa wametulia, unampelekea mwenzako majina manne, naye anachagua moja. Ulilolitoa umelitoa. Hakuna kulia.

Yule mrushaji wa kushoto alirusha mechi mbili, kiwiko kikafura kama boga, akarudi kwao. Marlys alipoteza ubingwa na bado alibaki na deni la mtu.

Januari Duane akapiga simu. "Naam, mama. Niletee majina yangu."

"Utayapata Ijumaa. Jifunze kusoma kabla hayajafika."

Majina matatu yalikuwa rahisi: vijana wawili wa kati ambao angewalilia kidogo tu, na mmoja ambaye asingemlilia kabisa. La nne ndilo lililomsimamisha mbele ya friji na kikombe mkononi. Kila sumaku aliyoigusa ilikuwa ya mtu anayemhitaji. Ndipo akili yake, ile ile inayotufanya tumwogope, ikafanya kazi. Duane ana wakongwe watano. Wametimia, wamejaa pomoni, hana pa kumweka wa sita. Kwa hiyo mkongwe yeyote katika orodha hii ni jina hewa. Duane atalisoma na kuliruka. Marlys alicheka peke yake jikoni. Akaichukua sumaku ya Anselmo, ya kampuni ya mbegu za mahindi, akaihamishia ubavuni ili mambo yawe sawa, akatuma majina. Marlys hakumwambia Anselmo. Amwambie nini, na ilhali hakuna kitakachotokea?

Wiki mbili baadaye simu ililia wakati anamenya viazi.

"Nipe mdakaji," alisema Duane.

"Mdakaji gani?"

"Kwani umeniandikia wangapi? Pichardo."

"Duane, una wakongwe watano. Huwezi hata ukitaka. Rudi ukahesabu."

"Nilikuwa nao watano. Lyle Stenerud ameacha mpira, baba yake kamwachia mabanda yote ya bata mzinga. We mwanamke, hizo habari za tangu Krismasi. Ziwani kila mtu anazo."

Ziwani. Hapo ndipo alipokamatika. Majira ya baridi maziwa yetu huganda yakawa barabara, na wanaume, na wanawake wenye akili, husogeza vibanda vyao vya mbao juu ya barafu, hutoboa tundu, na kukaa juu ya ndoo wakingoja samaki. Samaki ni kisingizio. Kinachofanyika mle ni umbea, na hakuna habari, iwe nani ameoa, nani amefilisika au nani ameacha mpira, isiyopita kwanza katika vibanda vile kabla ya kuandikwa popote. Marlys alividharau vibanda hivyo tangu ujana wake. Mtu mzima kutazama tundu siku nzima! Alijivunia kwamba yeye anafanya kazi kwa karatasi za ligi. Na karatasi za ligi zilisema kwamba Lyle Stenerud yupo.

Akakaa. Viazi vikabaki nusu vimemenywa. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, hakujua aiweke wapi.

Anselmo alirudi kutoka kiwandani, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye friji kuchukua maziwa kama kila siku.

"Anselmo, kaa kidogo."

"Nikae niambiwe nini? Kwamba naenda Wessing?"

Marlys akapigwa na butwaa. "Duane amekupigia?"

"Hapana. Friji." Alikunywa maziwa kutoka kwenye kopo, jambo alilokatazwa miaka sita. "Bi Marlys, unadhani miaka yote hii nafungua mlango huu nachukua maziwa, na sijui maana ya ubavuni? Cody alihamia hapo Jumatatu, Ijumaa akapanda basi. Yule wa Texas alihamia hapo asubuhi, mchana akawa anafunga begi na bado hajui analifungia nini. Mimi nipo hapo wiki mbili sasa. Siku ya kwanza nikasema, labda mama anafuta vumbi. Nikangoja uniambie. Nikapika maharagwe, nikangoja. Ukala, ukasema hayana chumvi."

"Nilikuweka kwa sababu nilijua hatakuchukua."

Maneno yalipomtoka aliyasikia mwenyewe, akatamani ayameze.

"Eeh," alisema Anselmo taratibu. "Hapo ndipo panaponiuma. Mtu wa kuuzwa si ajabu, mimi nimeuzwa mara tano, mara moja kwa gunia la mipira na mtu wa kushoto asiyejua kushoto ni wapi. Lakini hao waliniuza kwa sababu kulikuwa na mtu ananitaka. Wewe umeniweka kwa sababu hakuna."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umeniandika hivyo."

Marlys alimpenda yule mtu kama anavyopenda mtu wa nyumbani, na kwa sababu alimpenda alimchukulia kama kiti cha jikoni: kipo tu. "Nitalivunja patano hili," alisema mwishowe. "Nitakwenda kwa Duane nilivunje."

"Usilivunje. Yeye amenitaja jina. Kuna majina manne, amesema Pichardo. Unajua mara ya mwisho mtu alinitaja mimi kwanza ilikuwa lini? Nilikuwa na nywele." Akarudisha kopo la maziwa, akafunga friji. "Ukitaka kwenda kwa Duane, nenda. Ila usiende kunirudisha kama mwavuli uliosahauliwa. Nenda ukaniulizie thamani yangu. Mimi kwa yule wa kiwiko kibovu? Hata mimi naona aibu."

Kesho yake watu wa Granby waliona kioja: Marlys Tvedt akitembea juu ya ziwa, na koti la marehemu mumewe, akielekea kibanda cha Duane Brekke. Waliokuwa ndani ya vibanda walitoa vichwa kama kuku. Mmoja alimpigia mluzi.

Ndani mlikuwa na jiko dogo la kuni, ndoo mbili, na soseji ya nyama ya paa kwenye kisu. Duane hakusimama.

"Mama wa karatasi! Leo umekuja kutazama tundu?"

"Nimekuja kutazama mwizi." Marlys akakaa juu ya ndoo ya pili. "Kiwiko cha yule kijana wako kilikuwa kibovu kabla hujanipa, na ulijua."

Duane alitazama tundu lake. "Kilikuwa... kimechoka."

"Kilikuwa kimekufa, Duane, na ulinipa maiti ikiwa imevalishwa jezi. Sasa unachukua mdakaji aliyewalea warushaji wangu wote. Kwa nini yeye? Magoti yake unayajua."

"Sichukui magoti." Duane akakata kipande cha soseji, akampa. "Nina watoto kumi na mmoja wanaorusha mpira kama wanaotupa mawe kwenye kisima. Nataka mtu wa kuchuchumaa mbele yao awaambie 'tulia'. Nilimtazama miaka sita, Marlys. Kila kijana akiteleza, yule mtu anatembea mpaka katikati ya uwanja, anasema maneno mawili, kijana anarudi kuwa mtu. Hicho nilikuwa siwezi kukinunua. Halafu Ijumaa moja nakikuta kimeandikwa kwenye orodha, bure. Nikadhani umelewa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko baridi. Miaka sita lile jambo lilifanyika mbele ya macho yake, na kwenye friji Anselmo alikuwa mdakaji mkongwe, magoti mabovu, basi.

Lakini hakuwa mtu wa kufia kwenye ndoo. Alimaliza soseji, akajipangusa. "Vizuri. Umetaja mwenyewe thamani yake, na si ya kiwiko. Unanidai mtu, nakudai chenji. Mchezaji atakayetajwa baadaye. Majina manne, majira ya baridi yajayo, nachagua mimi."

"Na nikikataa?"

"Natoka hapa napita kibanda kimoja kimoja, nawasimulia habari za kiwiko. Umesema mwenyewe, ziwani kila mtu anapata habari."

Duane alicheka mpaka samaki wakakimbia. Wakapeana mikono.

Mei, Anselmo alifunga mabegi yake. Alipofika mlangoni alirudi jikoni, akaibandua sumaku yake ubavuni mwa friji na kuitia mfukoni. "Hii ni yangu," alisema. "Sitaki kukuta umempa mtu mwingine." Akamkumbatia, akaondoka, na Marlys aliosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya kwetu, sina haja ya kuficha. Vijana wa Granby walirusha kama wanaofukuza ndege shambani, na kila mmoja alipoteleza alitazama nyuma ya mpigaji, akaona kinyago cha mtu mwingine. Wale kumi na mmoja wa Wessing walikua. Anselmo mwenyewe hakupiga chochote. Gongo lake la kupigia lilikuwa pambo. Alipokuja uwanjani kwetu na jezi ya Wessing, watu wote walisimama kumshangilia isipokuwa Marlys. Yeye alikuwa anamtazama anavyochuchumaa. Aliona kwamba goti la kushoto sasa linalisubiri la kulia, akajua kwamba mtu huyu hana msimu mwingine wa kuchuchumaa, na akajua pia, bila labda, nini cha kufanya.

Ziwa lilipoganda, Marlys alinunua ndoo.

Alikaa vibandani kama mjumbe wa kamati. Alisikiliza ya watu na kutoa yake, na alichotoa kilikuwa kweli tupu: kwamba wakongwe wake watano wamekwisha kusaini, wametimia, hana pa kumweka wa sita. Alikisema katika kila kibanda. Habari ikafika Wessing kabla yake.

Duane alipotuma majina manne, matatu yalikuwa ya vijana wa kulilia kidogo. La nne lilikuwa Pichardo, A. Marlys alilisoma jikoni, akaketi kwanza. Duane, yule aliyemcheka, alikuwa amefanya hesabu ile ile: mkongwe wa sita ni jina hewa. Alisahau kitu kimoja kilichoandikwa katika karatasi za ligi, zile zile alizomcheka nazo. Kocha hahesabiwi kati ya wachezaji. Kocha hana umri, hana magoti, anakaa juu kabisa ya mlango.

Kidole cha Marlys kilikuwa tayari kwenye simu. Akakitoa.

Jumapili Anselmo alikuja kula, kama alivyokuja Jumapili nyingi, akiendesha gari kutoka Wessing taratibu kwenye barafu. Marlys hakungoja avue koti.

"Duane ameniletea majina. Na wewe umo."

Uso wa Anselmo haukubadilika, ila mkono uliokuwa ukifungua zipu ulisimama. "Ameniandika kujaza orodha tu."

"Kujaza orodha tu. Kama mimi. Mimi na Duane wote ni mapunguani na mmoja wetu anajua." Akavuta pumzi. "Sijamjibu. Sitamjibu mpaka wewe useme. Sikutaki udake. Nakutaka kocha wa warushaji, mwaka mzima, mshahara wa mwaka mzima, chumba ni kile kile, na kama hutaki namchukua kijana mwingine na wala sitanuna. Nitanuna kidogo. Lakini nakuuliza kwanza. Nilipaswa kukuuliza mwaka jana, sikukuuliza, na nilikosa, Anselmo. Nilikukosea sana."

Friji ikanguruma peke yake.

Anselmo alimaliza kuvua koti, akalitundika pale pale alipokuwa akilitundika. Akatia mkono mfukoni mwa suruali, akatoa sumaku ya mbegu za mahindi, iliyochubuka pembeni kwa kukaa na sarafu na funguo kiangazi kizima, utepe wake umechafuka lakini jina linasomeka. Aliitazama kidogo. Halafu akanyoosha mikono, magoti yakalia, akaibandika juu kabisa ya mlango, akaisogeza kwa kidole mpaka ikanyooka.

Akafungua friji, akatoa maziwa, akayanywa kutoka kwenye kopo. Marlys hakumkataza.